Hip hop ilipokutana na gitaa la roki, na jinsi Tanga ilivyotangulia

Na Mwandishi Wetu, Tanga

UKIPITA Ngamiani jioni, katika mitaa ile inayohesabiwa kwa namba badala ya kuitwa kwa majina, si ajabu kusikia nyimbo za aina mbili zikishindana kutoka nyumba zinazotazamana. Upande mmoja inalia taarabu ya zamani yenye gitaa la umeme linalokwenda taratibu. Upande wa pili wanasikika vijana wanaofoka juu ya mdundo uliotengenezwa kwa kompyuta.

Wengi huamini kuwa nyumba hizo mbili hazina undugu, kwamba gitaa ni la wazee na kufoka ni kwa vijana. Historia ya hip hop yenyewe, pamoja na historia ya muziki wa mwambao wa kaskazini, inasema vinginevyo.

Makala haya yanaeleza jinsi makundi ya hip hop yalivyolichukua gitaa la roki na kulipa nafasi katika albamu zao, ni nini kiliwasukuma, na kwa nini habari hiyo inauhusu mji wa Tanga, ambao wanamuziki wake walifanya jaribio la namna hiyo kabla hip hop haijazaliwa.

Hip hop hutajwa kuwa ilizaliwa Agosti 11, 1973, katika mtaa wa Bronx jijini New York, siku ambayo kijana mwenye asili ya Jamaica aliyejulikana kwa jina la DJ Kool Herc alipiga santuri katika sherehe iliyoandaliwa na dada yake. Herc aligundua kuwa wachezaji husisimka zaidi pale waimbaji wanaponyamaza na kubaki ngoma peke yake. Akawa anatumia santuri mbili zinazofanana ili kukirefusha kipande hicho.

Watu wengi hawajui kuwa ngoma hizo hazikutoka kwenye santuri za watu weusi pekee. Wapiga santuri wa wakati ule walichagua kipande kizito popote walipokipata, na santuri nyingi za roki zilikuwa na ngoma nzito kweli kweli. Waliokuwa wakifoka juu yake mara nyingi hawakulijua jina la wimbo wala la bendi. Roki, kwa maana hiyo, ilikuwamo ndani ya hip hop tangu utotoni, ila ilikuwa imefichwa.

Waliolitoa gitaa hadharani ni vijana watatu wa mtaa wa Hollis, eneo la Queens, jijini humo humo. Joseph Simmons aliitwa Run, Darryl McDaniels aliitwa DMC, na Jason Mizell, aliyekuwa mpiga santuri, alijulikana kama Jam Master Jay. Kundi lao lilikuwa Run-D.M.C.

Albamu yao ya kwanza, iliyobeba jina la kundi, ilitoka mwaka 1984. Ndani yake kulikuwa na wimbo wa Rock Box, ambao mpiga gitaa Eddie Martinez aliupamba kwa solo kali ya roki kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watayarishaji walikuwa Russell Simmons, kaka yake Run, na Larry Smith. Huyu Smith alikuwa mpiga gitaa la besi aliyepitia bendi, si fundi wa mashine tu, na kwa maoni ya mwandishi huyu hapo ndipo penye siri ya jambo zima. Mtu aliyezoea kupiga pamoja na wenzake anajua gitaa likae wapi ili lisimzibe mdomo anayefoka.

Januari 1985 ikafuata albamu ya pili, King of Rock. Jina lenyewe lilikuwa uchokozi, kwani vijana weusi watatu wenye kofia nyeusi na viatu vya raba walijiita wafalme wa muziki ambao wakati huo ulihesabiwa kuwa mali ya wazungu, wakati wenyeji wa Marekani wanajua kuwa ulianzishwa na watu weusi. Katika video ya wimbo uliobeba jina la albamu, vijana hao wanazuiwa na mlinzi mlangoni mwa jumba la kumbukumbu la roki, lakini wanampita na kuingia ndani.

Kwa nini walihitaji gitaa? Sababu moja ni ladha, kama ilivyoelezwa. Sababu ya pili ni riziki. Kituo cha televisheni cha MTV, kilichoanza mwaka 1981, kilikuwa kikilalamikiwa kwa kuwanyima nafasi wasanii weusi. Wimbo wenye gitaa la roki ulikuwa mgumu kukataliwa kwa kisingizio kuwa si aina ya muziki unaopigwa hapo. Rock Box ikawa miongoni mwa video za kwanza za kufoka kuonyeshwa mara kwa mara katika kituo hicho. Julai 13, 1985, Run-D.M.C. walipanda jukwaa la tamasha la Live Aid mjini Philadelphia, wakiwa karibu peke yao kuiwakilisha hip hop mbele ya umati ule.

Kilele kilikuja mwaka 1986. Katika albamu ya tatu, Raising Hell, mtayarishaji Rick Rubin alipendekeza warekodi upya Walk This Way, wimbo wa bendi ya roki ya Aerosmith uliotoka mwaka 1975. Vijana wa Hollis waliujua mwanzo wake tu, yaani zile ngoma, kwa sababu walizifokea tangu wakiwa wadogo. Mashairi hawakuyajua, na walipoyasikia hayakuwafurahisha. Hata hivyo walikubali, na Machi mwaka huo mwimbaji Steven Tyler na mpiga gitaa Joe Perry wa Aerosmith wakaja studio mjini New York kurekodi nao.

Matokeo yanajulikana. Wimbo huo ulifika nafasi ya nne katika chati kuu ya Marekani, juu zaidi ya pale ulipofikishwa na wenyewe Aerosmith, waliokomea nafasi ya kumi mwaka 1977. Raising Hell ikawa albamu ya kwanza ya hip hop kupewa cheti cha platinamu. Kinachosahaulika ni kuwa Aerosmith nao walinufaika. Bendi hiyo ilikuwa imefifia, na baada ya hapo ikafufuka na kudumu miaka mingi. Mgeni alimbeba mwenyeji.

Baada ya hapo mlango ulibaki wazi. Beastie Boys, waliokuwa wameanza kama bendi ya punk kabla ya kuhamia hip hop, walitoa Licensed to Ill mwaka huo huo wa 1986, na mwanzoni mwa 1987 ikawa albamu ya kwanza ya kufoka kushika namba moja katika chati ya albamu za Marekani. Mwaka 1991 Public Enemy walirekodi upya Bring the Noise wakiwa na bendi ya Anthrax. Cypress Hill wa California walitoa Skull & Bones mwaka 2000, albamu ya sahani mbili, moja ya hip hop na nyingine ya magitaa. The Roots wa Philadelphia walifuata na Phrenology mwaka 2002, ambamo mpiga gitaa na mwimbaji Cody ChesnuTT alishirikishwa katika wimbo wa The Seed (2.0).

Msikilizaji akizilinganisha hizo mbili za mwisho atapata jambo la kujifunza. Cypress Hill walikuwa na wimbo mmoja walioutoa kwa namna mbili, ya kufoka na ya roki, kila namna kwenye sahani yake. Ni kazi nzuri, lakini kuzitenga sahani ni sawa na kukiri kuwa maji na mafuta yamekataa kuchanganyika. The Roots hawakuhitaji kutenga chochote, kwa sababu wao ni bendi. Ngoma zinapigwa na mtu, besi inapigwa na mtu, na anayefoka anawasikia na kuwajibu. Gitaa lilipoingia lilikuta nyumba yenye watu.

Tofauti hiyo ndiyo inayoturudisha Tanga.

Mkonge uliingizwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yake yakaenea kutoka Pangani na Muheza hadi Korogwe. Yalivuta vibarua kutoka pembe zote za nchi na hata nje ya mipaka. Watu waliotoka mbali walihitaji burudani jioni, na ndivyo Tanga ikawa mji wa bendi. Jamhuri Jazz ilianza kwa jina la Young Nyamwezi, jina linaloonyesha wazi waanzilishi wake walitoka wapi. Atomic Jazz, chini ya John Kijiko, ikawa mshindani wake. Ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walipitia Jamhuri Jazz kabla ya kwenda Arusha na baadaye Kenya, ambako Simba Wanyika ilipata umaarufu mkubwa.

Katika mji huo huo taarabu ilipigwa na watu waliokuwa wakisikia magitaa hayo kila Jumamosi. Taarabu ya Unguja, iliyokuwa na vyama kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, ilikuwa ya safu ya fidla, udi, ganuni na nai, na wapigaji wake walikuwa wengi. Tanga ilichukua njia nyingine. Vikundi vyake vilikuwa vidogo, na kundi la Black Star Musical Club, lililotokana na Young Novelty, likaingiza gitaa la umeme na gitaa la besi katika miaka ya 1960.

Jambo hilo leo linaonekana dogo, lakini tukumbuke taarabu ilikuwa nini. Ilikuwa muziki wa heshima, wa kukaa na kusikiliza, ambao mashairi yake yalipimwa kwa vina na mizani. Gitaa la umeme lilikuwa chombo cha dansi, cha kumbi zenye bia. Black Star walilichukua gitaa hilo, wakaliweka kwenye nafasi ambayo udi na fidla zilikuwa zikijibizana na mwimbaji, wakaongeza mapigo ya rumba na chachacha, na shairi likabaki shairi. Hakuna aliyeweza kusema kuwa si taarabu.

Sauti iliyoibeba kazi hiyo mbali zaidi ni ya Shakila binti Said, mzaliwa wa Pangani, aliyeimba na Black Star na baadaye Lucky Star, kundi lililochipuka kutoka humo. Santuri zao ziliuzwa Mombasa na kusambaa mwambao mzima, na vikundi vya mbali na Tanga vikaanza kupiga kwa mtindo wa Tanga. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa albamu ya Nyota, iliyokusanya rekodi za makundi hayo mawili. Shakila alifariki dunia Agosti 2016, akiwa na umri wa miaka 69.

Ukiyaweka mambo haya kando ya yale ya Hollis, ufanano unashangaza. Pande zote mbili kulikuwa na sanaa ya maneno, kulikuwa na chombo kilichodhaniwa kuwa cha watu wengine, na kulikuwa na wapigaji waliokisikia chombo hicho tangu utotoni bila kuombwa ruhusa na mtu. Tofauti ni kwamba Tanga ilitangulia kwa takriban miaka 20.

Roki yenyewe, ile ya magitaa yanayonguruma, haikuota mizizi mwambao, ingawa mmoja wa waimbaji wake wakubwa kuliko wote, Freddie Mercury wa kundi la Queen, alizaliwa Unguja Septemba 5, 1946. Dar es Salaam ilikuwa na Sunburst, bendi ya vijana ya miaka ya 1970 iliyochanganya roki, soul na midundo ya nyumbani. Albamu yao ya Ave Africa ilitoka Zambia mwaka 1976, na ilibidi isubiri hadi 2016 kutolewa upya na kusikika na kizazi kingine. Mazingira hayakuwa rafiki. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, mwaka ule ule ambao Operesheni Vijana iliwaandama waliovaa sketi fupi na suruali za kubana. Muziki wa kelele za kigeni haukuwa na mtetezi serikalini.

Hip hop ilipoingia nchini ilikuta mambo yamebadilika. Saleh Jabir alitia maneno ya Kiswahili katika nyimbo za Wamarekani mwaka 1991, Kwanza Unit ikaundwa mwaka 1993, redio binafsi zikaanza, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kila mkoa ulikuwa na kundi lake la kufoka.

Tanga ilikuwa na Wagosi wa Kaya. Mkoloni na Dokta John walijizolea mashabiki nchi nzima kwa nyimbo kama Tanga Kunani, uliouliza kulikoni mji uliokuwa na viwanda na bandari yenye shughuli umekuwa mji wa kusimulia ya kale, na Wauguzi, uliozungumzia huduma hospitalini. Mgosi kwa Kisambaa na Kibondei ni mwanaume, na vijana hao hawakuificha lafudhi ya kwao. Waliifanya kuwa chombo cha muziki. Wakati wenzao wa Dar es Salaam walijitahidi kusikika kama watu wa New York, Wagosi walisikika kama watu wanaobishana kijiweni, na ndiyo maana hata bibi asiyejua hip hop ni nini aliwasikiliza.

Lakini gitaa la Tanga hawakulichukua. Si kosa lao. Studio za wakati ule ziliuza kazi kwa wimbo mmoja mmoja, na mtayarishaji mwenye kompyuta na kinanda alitosha kuwa bendi nzima. Kumwita mpiga solo, mpiga besi na mpiga dramu kulimaanisha posho za watu watatu, nauli zao, na siku nzima ya studio iwapo mmoja atakosea. Kijana aliyekopa fedha za kurekodi hakuwa na uwezo huo.

Waliothubutu kuvuka mpaka walikuwa Arusha. X Plastaz waliunganisha kufoka na uimbaji wa Kimasai, na albamu yao ya Maasai Hip Hop ikatolewa Ujerumani mwaka 2004. Hawakutumia roki, lakini walithibitisha kuwa msikilizaji wa mbali hutafuta kile ambacho hana kwao. Mzaliwa mwingine wa Afrika Mashariki, K'naan, Msomali aliyekulia Kanada, alifika kwenye gitaa lenyewe mwaka 2009, alipomshirikisha Kirk Hammett wa Metallica katika albamu ya Troubadour.

Gharama ya kuliacha gitaa huonekana jukwaani kuliko studio. Miaka kadhaa iliyopita mwandishi huyu alihudhuria onyesho katika ukumbi mmoja wa hapa Tanga, ambapo kundi moja lilikuwa likifoka juu ya CD kama ilivyo kawaida. Katikati ya wimbo CD ikakwama na kuanza kurudia neno moja. Vijana wakatazamana. Mmoja akaendelea kufoka mistari miwili bila mdundo, akaishiwa pumzi, akacheka. Watu waliolipa kiingilio wakaanza kupiga miluzi. Nyuma ya jukwaa, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa amekaa mzee mmoja mpiga gitaa wa bendi iliyotangulia kutumbuiza, chombo chake kikiwa bado kimechomekwa kwenye spika. Hakuna aliyemwambia, "Mzee, tusaidie." Naye hakujitolea.

Pengine hakuna aliyejua lugha ya kumwambia. Mpiga solo huuliza wimbo uko katika ufunguo gani, na anayefoka hana habari za ufunguo, yeye anahesabu mapigo. Run-D.M.C. walikuwa na Larry Smith wa kuwatafsiria. Hapa kwetu watu wa namna hiyo wapo wachache, na wengi wao umri umekwenda.

Kwa kundi linalotaka kujaribu, kazi si ngumu kama inavyodhaniwa. Gitaa la taarabu ya Tanga halinguruma kama la Martinez, lakini lina sifa moja inayofaa kufoka: hujibu, haliingilii. Hupiga mwimbaji anaponyamaza. Ukilipitisha kwenye kifaa cha kukwaruzisha sauti, kile ambacho wapiga roki hukikanyaga kwa mguu, litanguruma vya kutosha. Ngoma ndizo zinazotaka uangalifu, kwa kuwa pigo la rumba na pigo la hip hop huweka uzito sehemu tofauti, na mpiga dramu asipoambiwa mapema ataukimbiza wimbo.

Liko pia suala la haki, ambalo vijana wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huulinda wimbo katika uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nyimbo za Black Star na Lucky Star hazikuachwa ziwe mali ya kila mtu kwa sababu tu ni za zamani na zinapigwa kila harusi. Anayetaka kukata kipande cha santuri na kufoka juu yake anapaswa kuwatafuta warithi na wenye rekodi, na COSOTA ndiyo ofisi ya kuanzia.

Njia rahisi zaidi ni ile waliyoitumia wenyewe wa Hollis mwaka 1986. Baada ya miaka mingi ya kufoka juu ya santuri ya watu wasiowajua, waliwaita wenye wimbo wakaja studio na gitaa lao. Run-D.M.C. waliingizwa katika Jumba la Heshima la Roki mjini Cleveland Aprili 2009, bila Jam Master Jay, aliyeuawa kwa risasi studio huko Queens Oktoba 30, 2002. Safari hii mlangoni hapakuwa na mlinzi wa kuwazuia.